Leso ya Mama Siku ya Intavyu

"—ndani ya nyumba, Mama! Bwawa la kuogelea liko ndani ya nyumba, na paa juu, na maji yenyewe yanapashwa moto, walai! Na farasi! Watoto wadogo kama Bogonko wanapanda farasi!"

Emmaculate alikuwa hajavua hata viatu. Alisimama mlangoni pa nyumba ya mama yake pale Homa Bay, mkoba bado begani, simu imeinuliwa juu kama mtu anayetafuta netiweki. Tangu atoke Migori asubuhi ile maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni kama chai ya moto, hayamezeki, hayatemeki.

Mama yake, Bitutu, alikuwa ameketi sakafuni akipanga ndizi za sokoni, mbivu huku, mbichi kule. Hakuinua kichwa.

"Farasi wa nini?"

"Wa kupanda, Mama."

"Wapande waende wapi?"

Nyatichi, mjukuu mkubwa, akacheka mpaka akaangusha kitabu. Mdogo wake, Bogonko, alitoka nyuma ya kiti akaangalia ile simu kwa wasiwasi.

"Anti, farasi anauma?"

"Haumi. Anakubeba tu polepole huku mwalimu anakushika."

"Na nikilia?"

Emmaculate akatafuta kwenye simu. Kwenye tovuti ya ile shule ya Dubai hakukuwa na mahali pameandikwa mtoto akilia.

Sasa hii habari ya shule ilianzia kwa Zilpah. Zilpah ndiye kifungua mimba wa Mama Bitutu. Ni nesi, na alienda Dubai Bogonko akiwa bado ananyonya. Mume wake, Elkana, alimfuata baadaye, anaendesha basi la hoteli moja huko. Watoto wakabaki na bibi yao, wanamwita Magokoro vile Wakisii huita bibi, na miaka ikaenda hivyo, simu za jioni na nguo za Krismasi ambazo zikifika zinakuwa zimeshakuwa ndogo. Halafu mwaka huu hospitali ikamwambia Zilpah: haya, lete watoto, tutasaidia na karo. Lakini kwanza wapate nafasi shuleni kabla shule hazijafunguliwa mwisho wa Agosti. Wakikosa, ni kungoja mpaka mwaka ujao.

Mwaka mmoja si kitu, ungesema. Lakini mara ya mwisho Zilpah alipokuja likizo, Bogonko alijificha nyuma ya sketi ya Magokoro akauliza, "Huyu mgeni ataenda lini?" Watu wote wakacheka, Zilpah akacheka kuliko wote, halafu akaingia jikoni kama anayetafuta chumvi. Emmaculate alimfuata akamkuta ameweka uso ndani ya kitambaa cha vyombo, mabega yanatetemeka. Tangu siku hiyo Emmaculate akisikia neno Dubai anakikumbuka kile kitambaa.

Na kazi ya kuchagua shule ilipewa nani? Yeye.

"Emma, wewe ndiye umesoma," Zilpah alimwambia. "Mimi nikitoka shifti macho yanajifunga yenyewe. Elkana naye ukimuuliza anasema yoyote, bora iko na walimu. Nitafutie."

Ni kweli Emmaculate amesoma. Ana diploma yake aliyoitolea jasho koleji ya Kisii, na sasa anauza kava na chaja za simu katika duka moja pale Oruba, Migori. Basi akaingia kazini. Wiki nzima nzima akizisoma shule za Dubai mpaka akawa anaziota. Wueh! Shule ni nyingi kama kumbikumbi baada ya mvua. Hii inafuata masomo ya Uingereza, ile ya Marekani, ile ya India, ingine ati ya Japani. Kila moja inasema mtoto ndiye wa kwanza, na kila moja ina picha ya mtoto amevaa miwani ya maabara akiangalia chupa ya maji ya rangi. Akachuja, akachuja, mpaka zikabaki mbili. Majina yao yalikuwa marefu hivi kwamba nyumbani waliziita kwa yunifomu: Shule ya Bluu na Shule ya Kijani.

Ya Kijani aliipata Zilpah mwenyewe. Anaipita kila siku akienda kazini, inatazamana na mshonaji nguo, watoto wanaingia na chakula chao kwenye mikebe ya chuma. Emmaculate aliangalia picha yake akaona ukuta umebabuka rangi na uwanja mdogo kama wa kanisa. Farasi hakuna. Hata kuku.

"Zilpah, umeenda mpaka Dubai, ndio upeleke watoto shule ya ukuta umebabuka? Si hiyo wangepata hapa tu?"

"Walimu wa hapo wananisalimia," Zilpah alisema kwa simu. Halafu akapiga mwayo. "Haya. Wewe ndiye unajua."

Wewe ndiye unajua. Maneno hayo yalikuwa yamemkaa Emmaculate kifuani kama mwiba wa omena.

"Sasa sikiliza, Mama," aliendelea, akivua viatu hatimaye. "Shule ya Bluu wamekubali kutuona! Alhamisi mchana, kwa video. Wanataka kila mtu anayelea hawa watoto awe kwa skrini. Wazazi huko, wewe hapa, na watoto. Ndio hatua ya mwisho. Tukipita hapo, wamepata!"

Mama akaweka ndizi chini. "Hata mimi?"

"Wewe ndiye wanakutaka zaidi. Wewe ndiye unaishi nao."

"Nivae nini?"

Wakaanza kuongea juu ya nguo. Ile ya kanisa, ya zambarau, anayovaa Sabato ya ushirika? Ama ile ya kijani yenye kola? Wakabishana, Nyatichi akaleta zote mbili, wakakubaliana ya zambarau. Kila kitu kiliulizwa siku hiyo. Kile cha kuulizwa kwanza, hakuna aliyekikumbuka.

*

Alhamisi ikafika. Emmaculate alikuja na laptopu aliyoazima kwa Chrispine, fundi wa simu wanayekaa naye duka moja. Meza ikawekwa kitambaa. Watoto wakaogeshwa, wakapakwa mafuta mpaka nyuso zinang'aa kama sufuria mpya. Mama alikaa katikati, leso mabegani, mikono juu ya magoti, ametulia kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Dakika za mwisho Zilpah akatuma ujumbe: mwenzake ameugua, ameongezewa shifti, Elkana atakuwepo peke yake. Emmaculate aliusoma, na mawazo yake yote yakaenda kwa Kiingereza cha Elkana. Akajiambia, kiko sawa, anaongea na watalii kila siku. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la kumfanya Mkisii yeyote ashike kichwa.

Kwa sababu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaziani macho. Ni chinsoni, ile heshima iliyo na aibu ndani yake, ambayo mtoto anaijua kabla hajajua kufunga vifungo. Elkana akija nyumbani hukaa sebuleni, na Mama humsalimia akiwa jikoni, nyuma ya mlango. Wanaulizana habari za mvua na za ng'ombe, wanacheka hata, na chakula kinapelekwa na mtu mwingine. Wamependana hivyo miaka yote, vizuri kabisa, bila kuonana zaidi ya mgongo. Na mambo ya kitanda cha mkwe? Hayo hata hayasemwi. Emmaculate aliyajua hayo yote kama anavyojua jina lake. Lakini kichwani mwake skrini haikuwa nyumba. Skrini ilikuwa skrini.

Madamu wa Shule ya Bluu akatokea, miwani, tabasamu, nyuma yake maua meupe. Akasalimia kila mtu kwa jina. Mambo mazuri! Nyatichi akajibu mpaka akapitiliza, akataja sayari zote. Kisha dirisha la pili likafunguka, na Elkana akaonekana, suti nyeusi, tai, jasho.

Yeye na Zilpah wamekodi chumba kimoja, kila kitu kiko humo humo. Maskini alikuwa amejaribu. Alikuwa amefunga kamba akatundika shuka nyuma yake. Lakini huko wana ile mashine ya baridi, na ilikuwa inapuliza, na shuka ikaanza kupumua kama tumbo la mtu amelala. Emmaculate aliiona. Akataka kusema kitu. Shuka ikaanguka.

Kitanda hicho hapo. Kipana, blanketi la maua, mto mmoja umelala kifudifudi.

"Yesu wangu!" Mama alisema. Leso ilipanda kichwani ikashuka mpaka kidevuni, na Mama akainuka hivyo hivyo haoni, akagonga benchi, benchi likaanguka, akapapasa ukuta mpaka mlango wa jikoni akapotea. Huko Dubai, Elkana ndiyo kwanza alikuwa ameona mama mkwe wake mzima mzima, uso na macho. Akasema "Uwi!" akazama chini ya meza. Simu yake ikaangukia mgongo, na kwa skrini ya Shule ya Bluu baba wa watoto akawa taa ya darini.

Bogonko akaona Magokoro amekimbia, akaanza kulia kwa sauti ya juu kabisa.

Madamu hakutabasamu tena. Aliuliza, polepole, kama bibi yuko salama. Kwa nini amekimbia alipomwona baba wa watoto? Kuna kitu shule inapaswa kujua?

Emmaculate ana diploma. Emmaculate anaweza kukuuzia chaja kwa Kiingereza, Kiswahili, Dholuo na Ekegusii. Lakini wakati huo Kiingereza chote kilimtoka kama maji kwenye ungo, kikabaki kile cha aibu. Akasema hapana, bibi hajakimbia, ni kwamba anamwogopa kwa heshima. Akaona uso wa madamu, akataka kurekebisha, akaongeza kwamba shida si baba, shida ni kwamba bibi hawezi kumwona baba akiwa karibu na kitanda.

Madamu akavua miwani.

"Karibu na kitanda," alirudia kwa Kiingereza chake kizuri. Na akaanza kuandika.

*

Jibu lilikuja kesho yake. Ombi la watoto limewekwa kando kwanza, mpaka afisa wa ustawi wa watoto wa shule aongee na kila mtoto peke yake. Ingeweza kuchukua wiki kadhaa. Wiki zenyewe ndizo hawakuwa nazo.

Zilpah alipiga simu Emmaculate akiwa dukani, Migori.

"Emma. Uliwaambia nini hao watu?"

"Nilisema... nilitaja kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Chako."

Emmaculate akaangalia kama simu imekata.

"Elkana hajala tangu jana," Zilpah akasema. "Ati atamwangaliaje Mama tena. Mimi mwenyewe sijui nicheke ama nilie." Halafu sauti ikashuka. "Unajua juzi Bogonko aliniuliza nini? Kama mimi ni rafiki yako. Rafiki ya Anti Emma, yule wa kwa simu. Amepoteza meno ya mbele, Emma. Mengine yataota bila mimi."

Simu ilipokatika Emmaculate alibaki amesimama na kava mkononi, hajui alikuwa anampa nani. Mteja, kijana wa kuchimba dhahabu Masara, simu yake imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye spika, alikohoa.

"Sista, hiyo si ya simu yangu."

"Pole. Pole sana."

Chrispine alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa, bisibisi mdomoni. Alikuwa amesikia kila kitu, duka lenyewe si kubwa.

"Msomi," alisema, "hata sisi Wajaluo hatuwezi weka mama mkwe na mkwe kwa skrini moja. Na kitanda juu? Omera! Ungeniuliza."

"Ningekuuliza wewe na bisibisi yako?"

"Si ungeuliza tu mtu. Yeyote. Hata huyu wa Masara."

Kijana wa Masara akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapo mliharibu," alisema.

Emmaculate akataka kucheka, akashindwa. Alijua hawakosei. Alikuwa amechagua shule kwa picha, kama anavyochagua kava la simu, na sasa mtoto wa watu angekaa mwaka mwingine akimwita mama yake rafiki ya anti.

Mchana huo, wateja walipopungua, akafungua ile picha ya Shule ya Kijani. Ukuta uliobabuka upo pale pale. Lakini kwa mara ya kwanza akaacha kuangalia ukuta. Pembeni, karibu kukatwa na picha, kulikuwa na mwalimu amechuchumaa mavumbini anamfunga mtoto kamba ya kiatu. Mtoto ameweka mkono juu ya kichwa cha mwalimu ili asianguke. Hakuna hata mmoja anayeangalia kamera.

Akawaandikia hapo hapo, akiomba msamaha mpaka kwa mambo ambayo hawakuyajua. Wakajibu kabla hajafunga duka. Njooni Jumanne, nyote.

*

Mama alikataa.

"Mmenivua nguo mara moja, inatosha," alisema kwa simu. "Waambie nimekufa."

"Mama! Wataulizia cheti."

"Waambie ni mgonjwa, basi."

"Mama, tafadhali. Ni hii tu imebaki. Wakikosa na hii..." Emmaculate akasita. Kulikuwa na jambo lilikuwa linamkera tangu Alhamisi, na sasa likatoka kabla hajalifunga breki. "Mama, niambie ukweli. Ni chinsoni, ama hutaki waende?"

Kule Homa Bay redio ya betri ya jirani ilikuwa inaimba.

"Kwani wewe unaona haziwezi kuwa zote mbili?" alisema mwishowe. Halafu, kwa sauti ile ya kufukuza mtu: "Stima imepotea huku tangu Jumapili. Tutakuja huko kwako. Lakini leso sitoi. Nimesema."

Jumanne wakaja Migori wote watatu, Mama na mkungu wa ndizi kwa sababu haendi kwa mtu mikono mitupu hata kama mtu ni binti yake. Chrispine akawaachia chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya spika na simu zilizokufa. "Mathee, karibu," alimwambia Mama, akimpangusia kiti kwa shati lake. "Hapa hakuna kitanda, nimeangalia mwenyewe."

"Kijana, toka hapa," Mama alisema, lakini mdomo ulicheza.

Skrini ikawaka. Zilpah alikuwa kwenye ukumbi wa hospitali, amevaa sare, na pembeni yake Elkana, amegeukia ukuta. Kilichoonekana ni kisogo chake na kola. Huku Migori Mama alikuwa ameketi wima, leso imemfunika kutoka utosini mpaka kidevuni, kama fanicha ya watu waliosafiri. Watoto huku na huku. Emmaculate aliangalia hiyo picha yote akaona mwisho wa dunia.

Mwalimu mkuu msaidizi wa Shule ya Kijani aliitwa Bi Sudha. Mama wa makamo, kutoka India, sari ya rangi ya haradali, nywele zina mvi hajazificha. Alitokea, akasema jambo la salamu. Akaangalia kisogo cha baba. Akaangalia leso ya bibi. Akarudi kwa kisogo.

Emmaculate alikuwa amejiandalia maelezo, ameyaandika mpaka kwenye kiganja, na sasa jasho lilikuwa limeyafuta. "Madamu," alianza, "naomba nieleze..."

Bi Sudha akainua mkono. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ikachukua muda Emmaculate kuelewa kwamba mwanamke yule anacheka, anacheka mpaka anajipangusa macho kwa ncha ya sari.

"Usinieleze," alisema. "Mama yangu yuko kijijini. Kaka mkubwa wa baba yangu akiingia tu mlangoni, mama anajifunika hivyo hivyo. Ni mzee, haoni vizuri, lakini akisikia kikohozi cha shemeji yake, shuka imeshafika kidevuni. Mara moja alijifunika akamwagia mgeni chai magotini." Akacheka tena. "Sasa bibi anajificha kwa nani, baba wa watoto? Ni mkwe wake?"

Emmaculate akatafsiri. Leso ikatikisika: ndiyo.

"Basi ni rahisi. Baba, nenda kanunue kahawa. Nikimaliza na bibi nitakuita, na bibi atapumzika. Zamu kwa zamu. Hivyo ndivyo tunafanya nyumbani."

Kisogo cha Elkana kiliinama kwa shukrani, kikaondoka upande upande kikigonga ukuta. Na Mama, polepole, akatoa leso. Nywele zilikuwa zimelowa jasho. Akaangalia skrini, wanawake wawili wa umri mmoja, mmoja Migori, mmoja Dubai, na bila kuambiwa akasema salamu yake yote, ndefu, ya Ekegusii. Bi Sudha akaipokea kwa kuinamisha kichwa.

"Niambie kuhusu watoto wako," alisema.

Na Mama akasema! Emmaculate alikuwa anatafsiri mbio mbio mpaka ulimi unateleza. Kwamba Nyatichi anajua kila kitu, lakini akiwa na huzuni hasemi, anaanza tu kupanga vitu, sasa ukiona amepanga viatu vya nyumba nzima ujue kuna jambo. Kwamba Bogonko anaogopa choo cha kuflashi kwa sababu ya sauti. Kwamba hali yai kama ute haujaiva, na usimlazimishe, atatapika kwa shati lako. Zilpah alikuwa anasikiliza huko ukumbini, mkono mdomoni. Mambo mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

"Sasa na mimi nina swali," Mama akasema. "Huyu mdogo akilia huko, mchana, mama yake yuko kazini. Nani anamshika?"

Emmaculate akatafsiri, akaogopa. Alijua majibu ya shule. Alikuwa ameyasoma mpaka yakamchosha, sera hii, idara ile.

Bi Sudha akahesabu kwa vidole.

"Wa darasa lake anaitwa Mwalimu Lourdes, naye ana mapaja makubwa, watoto wote hulilia hapo. Akishindwa, wanamleta kwangu. Mimi nikishindwa, tunamwita mama. Hospitali iko hapo nyuma tu, tumeshawahi kumwita daktari katikati ya kazi aje amshike mtoto wake. Alikuja na glavu mkononi."

Mama akageuka kwa Emmaculate. "Hiyo," alisema kwa Ekegusii. "Farasi wabaki na wenyewe."

*

Wueh, usiulize kilichofuata! Zilpah akapiga nduru hospitalini mpaka mtu akatokea kumnyamazisha, akamkumbatia huyo mtu. Elkana akaitwa na kahawa yake, Mama akajitupia leso tena kidogo tu kwa adabu, na mkwe akasikika akisema "Asante, Mama" kwa ukuta. Chrispine akaingiza kichwa kuuliza kama kuna aliyekufa. Nafasi zilikuwepo, mbili, moja darasa la mdogo na moja la mkubwa, kama zilikuwa zinawangoja. Barua ingetumwa jioni hiyo hiyo. Emmaculate alikuwa anarukaruka kati ya maboksi, anataka kumpigia kila mtu anayemjua na wengine asiowajua.

"Ila wafike kabla ya kufungua," Bi Sudha alikuwa amesema mwisho. "Kabla ya mwezi kuisha."

Laptopu ikafungwa. Ndipo Mama akauliza, "Mwezi gani?"

"Huu, Mama."

"Huu tulio nao?"

"Huu."

Mama alikuwa anakunja leso. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena, ikawa ndogo kama kitabu cha nyimbo, na bado mikono ilikuwa inatafuta pa kukunja. Emmaculate akaacha kuruka. Wiki zote hizo alikuwa ameogopa wasipate. Alikuwa ameogopa hivyo tu, kwa nguvu zake zote, mpaka hakubakisha nafasi ya kuogopa wakipata. Akaangalia upande wa pili: Nyatichi alikuwa ameshuka chini, anapanga maboksi ya spika, makubwa chini, madogo juu, hasemi kitu.

"Nyati," Emmaculate alimwita kwa sauti ndogo. "Njoo."

Nyatichi hakuja. Alinyoosha boksi moja lililokuwa tayari limenyooka.

Bogonko ndiye alikuwa wa mwisho kuelewa. Alikaa akahesabu kitu kichwani, mdomo wazi, pengo la meno ya mbele linaonekana. Halafu akaenda akaweka mkono juu ya goti la bibi yake.

"Magokoro. Sisi tukilala kwa Mama Zilpah, wewe utalala na nani?"

Chrispine kule mbele alizima mashine yake ya kupuliza vumbi. Mama Bitutu alimvuta yule mtoto, akamkalisha kwenye paja kama bado ni wa kubebwa.

"Wewe kwanza sema tena hilo jina umelisema."

"Jina gani?"

"La huko mnaenda kulala."

"Kwa Mama Zilpah."

"Ehe. Siyo rafiki ya Anti?"

Bogonko akacheka kwa aibu, akaficha uso kwenye nguo ya zambarau. "Ni mama."

"Vizuri." Mama akafungua ile leso yote aliyokuwa ameikunja, akamfunika nayo mgongo, akamvuta Nyatichi kwa mkono mwingine kutoka kwa maboksi mpaka naye akaingia chini yake. "Sasa hilo swali lako la nani nitalala naye ni refu, na lina majibu mengine hata mimi sijayapata. Leo tumechoka. Kesho tukiamka, kabla sijaenda sokoni, mtakaa hapa hapa pajani, nyote wawili, na nitawaambia yote mpaka mwisho."